Mfereji Uliolowa Kiangazi

Bendera nyekundu ilipanda tena Jumanne jioni, na mkono ulioipandisha ulikuwa wa Bi Chupa mwenyewe. Jumatano asubuhi, hata chai haijashuka tumboni, mkurugenzi wa afya alikuwa kwenye simu.

"Ijumaa nakaa na kamati," alisema. "Ukiniletea chanzo cha uchafu, tutakiziba. Usiponiletea, naufunga ufukwe ule moja kwa moja. Mfuko wa saruji ya kusimamishia bango la katazo uko hapa ofisini, naukanyaga kila nikipita."

"Mkuu, bango halisafishi maji."

"Halisafishi, lakini litazuia watu wasiharishe. Zahanati imejaa matumbo na masikio, Bi Chupa. Ijumaa."

Akakata.

Jina la Bi Chupa alipewa na wenzake wa idara, kwa sababu hukumwona bila chupa zake za sampuli, na mwishowe hata majirani walilisahau jina lake la kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa kuchota maji kwenye fukwe ambako watu huoga na kuogelea, kuyapeleka maabara yalazwe kwenye joto usiku kucha, na kesho yake kutazama ni madoa mangapi ya vijidudu vya kinyesi yameota. Yakiwa machache, bendera ya kijani. Yakiwa mengi, nyekundu. Aliifanya kazi hiyo vizuri, tena bila kujua kuogelea hata kidogo. Maji yakimfika kiunoni, hapo ndipo mpaka wake. Yakipanda kifuani husahau hata jina la baba yake.

Fukwe zote za mji zilimwelewa, isipokuwa huu mmoja mdogo, kati ya soko na gati bovu. Huu ulikuwa umeamua kumchezea shere. Unachafuka, anaufunga. Wiki zinapita, unasafika wenyewe, anaufungua. Jumatatu inayofuata, chupa inarudi chafu kama vile hakuna kilichotokea. Sasa ilikuwa mara ya pili, na watu walikuwa wameanza kusema kwamba ile maabara inapiga ramli.

Yote hayo angeyavumilia. Lililomkosesha usingizi lilikuwa mama mkwe.

Mama mkwe wake alikuwa kiongozi wa akina mama watu wazima waliojifunza kuogelea baada ya kupata wajukuu, na wenzake walimwita Kamanda, jina ambalo hakulikataa. Nchi kavu, magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kutoka kitandani hadi mlangoni alihitaji fimbo, ukuta na matusi mawili matatu. Ndani ya bahari alitembea bila kushika kitu, akageuka, akacheka, akawafokea wenzake. Daktari wa viungo alikuwa amesema wazi mbele ya familia nzima: huyu mama akikaa nje ya maji, mwaka hautaisha kabla hajawa wa kitanda. Mume wa Bi Chupa, aliyekuwa kazini mbali, alipiga simu kila jioni na swali lilikuwa moja tu: "Mama anarudi lini majini?"

Kamanda mwenyewe hakupiga. Alikuwa ametangaza kwamba mwanamke aliyemfungia bahari hatakunywa chai nyumbani kwake.

Na Kamanda akitangaza, ametangaza. Huyu ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajui jambo. Ukimuuliza njia ya mahali asipopajua, atakuelekeza, tena kwa fimbo, na kwa uhakika kiasi kwamba utaona haya kutilia shaka, mpaka ujikute umefika kwingine kabisa.

"Tunaanzia wapi?" Dereva aliuliza, gari likiwa linanguruma. Huyu waliyempachika jina la Kasuku alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na mdomo wake haukuwa na likizo. "Usijibu. Nyumba ya wageni. Mji mzima unajua ni nyumba ya wageni. Muuza samaki anajua, kinyozi anajua, mke wangu anajua na hajawahi kufika huko."

"Mji mzima una ushahidi?"

"Mji mzima una pua."

"Washa gari, Kasuku."

"Limewaka."

Nyumba ya wageni ilisimama juu kidogo ya ufukwe, na bustani yake ilishuka mpaka kwenye mchanga. Meneja, bwana mwenye tai iliyoishia juu ya kitovu, aliwapokea mlangoni na kusimama palepale mlangoni.

"Shimo langu la maji taka halifunguliwi," alisema kabla hajasalimiwa. "Wageni wanakunywa chai."

"Habari za asubuhi," Bi Chupa alisema.

"Njema. Halifunguliwi."

"Kwa nini?"

"Nimekwambia, wanakunywa chai! Utakunywa chai wewe na shimo liko wazi?"

Kasuku alimkonyeza Bi Chupa, konyezo la mtu aliyekwisha kumfunga mshtakiwa pingu. Bi Chupa alitoa mfukoni kopo dogo, akalifungua, akamwonyesha meneja unga wa rangi ya chungwa lililoiva.

"Huu ukiingia majini unageuka kijani kinachowaka. Haudhuru mtu wala samaki. Naumimina kwenye vyoo vyako, navuta maji, halafu tunangoja. Kijani kikitokea baharini, tutazungumza lugha nyingine. Kisipotokea, nitakuomba radhi mbele ya hao hao wanywa chai."

Meneja alimtazama, akalitazama kopo, akasogea pembeni.

Bi Chupa alipita choo hadi choo, akimimina na kuvuta maji. Kasuku alitumwa chini akae kwenye mdomo wa mfereji, lile bomba pana la zege linalotapika maji ya mvua ufukweni, macho yakiwa kwenye mchanga. Wanywa chai walipoondoka, meneja mwenyewe alileta mtaimbo, na mfuniko wa shimo ukainuliwa. Ndani, kijani kilikuwa kinang'aa. Kilikuwa kimeingia shimoni na kutulia humo kwa adabu zote. Waliendelea kungoja. Jua lilipanda, Kasuku alipiga simu mara kadhaa kueleza kwamba haoni kitu na kwamba ana njaa, na bahari ilibaki na rangi yake.

"Ninakuomba radhi," Bi Chupa alisema.

Meneja alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, sasa ugomvi ukamkosa. Akalegeza tai.

"Mimi nilitaka kukwambia tangu mara ya kwanza, ila watu walinirukia tu. Zile wiki ulizofunga ufukwe, mimi nilikuwa na timu nzima ya mpira hapa. Vyumba vyote, wengine wanalala ukumbini. Vijana wale walikula na vyoo vilifanya kazi, acha kabisa. Kama ni choo changu, bahari si ingeoza?"

Chupa zote za wiki zile za timu ya mpira zilikuwa zimetoka safi kuliko za mwaka mzima.

"Rudia hapo," Bi Chupa alisema.

"Wapi? Kwenye kula?"

"Ufukwe ulipofungwa, wageni wako waliongezeka na bahari ikasafika."

"Ndiyo."

"Nilipoufungua, ikachafuka."

"Ndiyo, mama. Bahari yako inachafuka watu wakirudi kuogelea."

Bi Chupa alishuka ufukweni taratibu, akitembea na sentensi hiyo. Kasuku alikuwa ameketi juu ya bomba la mfereji, suruali ameikunja, miguu ndani ya mchanga.

"Basi ni waogeleaji," alisema baada ya kusimuliwa. "Wanajisaidia majini. Nilijua."

"Asubuhi ulijua ni nyumba ya wageni."

"Hiyo nilikuwa nimeambiwa. Hii nimeijua mwenyewe."

"Waogeleaji wale hata wakijisaidia wote kwa pamoja, wimbi likirudi mara mbili limeshabeba. Hiki kinakaa. Kinaingia kidogo kidogo kutoka mahali." Akamtazama miguu. "Kasuku, mbona umelowa?"

Kasuku aliinua mguu. Mchanga ulikuwa umemganda mpaka kwenye kifundo, mweusi na wenye maji.

"Bahari?"

"Bahari iko kule, imekupwa."

Wote wawili wakaugeukia mdomo wa mfereji. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu watu waache kuizungumzia. Mji mzima ulikuwa vumbi tupu. Mfereji wa maji ya mvua, kiangazi hiki, ulipaswa kuwa mkavu kuliko koo la Kasuku. Lakini chini ya mdomo wake palikuwa na utando wa kijani ulioota ukanenepa, na mchanga ulikuwa umelowa.

"Ala!" Kasuku alisema, akaruka kutoka pale alipokaa. "Na mimi nimekaa hapa asubuhi nzima!"

Walianza juu kabisa, sokoni, na kuufuata mfereji kushuka. Katika mji ule mifuniko ya chemba za maji ya mvua ilipakwa bluu na ya chemba za choo ilipakwa nyekundu, kwa hiyo haikuhitaji elimu. Waliinua bluu ya sokoni: vumbi, na utando wa buibui usioguswa. Waliinua bluu iliyo nyuma ya nyumba ya wageni: majani makavu na kandambili moja. Baada ya hapo mfereji ulipinda, ukapita nyuma ya banda la kubadilishia nguo, ukaingia ufukweni.

Nyuma ya banda hapakuwa na bluu wala nyekundu. Palikuwa na mifuniko miwili imekaa sambamba, na yote miwili ilikuwa imepakwa samaki, maua na jua linalocheka.

"Usiniambie," Kasuku alisema.

"Sijasema kitu."

"Basi usiseme. Hili banda ni la Kamanda. Yale ni maua ya Kamanda. Mimi nina watoto wa kulea."

Bi Chupa aliingiza mtaimbo chini ya samaki wa kwanza, akainua. Chemba ilikuwa kavu. Akainua wa pili. Harufu ilitoka kabla ya kitu kingine, kisha wakaona mchirizi mwembamba wa maji, na bomba jipya jeupe lililotokea ukutani upande wa banda.

Banda lile akina mama walilijenga wenyewe kwa nguvu zao: vyumba viwili, bomba la kujisuuza, na choo kizuri chenye vigae, maana Kamanda alisema hawezi kuwaongoza watu wanaokimbilia vichakani. Kila Jumatatu alfajiri waliogelea, wakajisuuza, wakapanga foleni ya choo, wakaenda zao. Na kila Jumatatu, wakiwa ndio wanatawanyika, Bi Chupa alikuwa anaingia majini na chupa yake. Alikuwa akiwapungia mkono.

"Tunaita fundi?" Kasuku aliuliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo.

"Bado. Bomba lililolowa ni dhana tu. Nataka rangi ipite mule mbele ya macho ya watu. Nahitaji ufunguo wa choo."

"Ufunguo uko shingoni kwa Kamanda."

"Najua uliko."

Kamanda alikuwa sebuleni kwake, miguu yote miwili ndani ya beseni. Kwenye meza palikuwa na birika na pakiti ya chumvi iliyopasuliwa. Bi Chupa alilitazama beseni lile, maji ya moto na chumvi, bahari ya mtu aliyefungiwa bahari, na moyo ukamuuma waziwazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama umekuja kula, hakuna. Kama umekuja kunifungia na beseni, liko hapa."

"Nimekuja kikazi."

"Kazi ya nani?"

"Ya idara. Na yako. Naomba ufunguo wa choo cha banda."

"Wa nini?"

"Kukipima."

"Choo changu?" Kamanda aliinua kichwa polepole. "Kile choo ni kisafi kuliko jiko lako, mkwe wangu, na jiko lako nimeliona."

"Sijasema ni kichafu. Nani alijenga bomba lake?"

"Fundi bomba wa pale karibu na soko."

"Nani alimsimamia?"

"Ungedhani nani? Nilisimama juani kutwa, kwa magoti haya. Nilimwonyesha kila kitu, mpaka pa kuingizia bomba."

Kasuku, aliyebaki mlangoni, alianza kuchunguza dari.

"Na ile mifuniko, mama? Nani aliipaka maua?"

"Sisi. Siku ya usafi. Tuliifukua mchangani, tukaiosha, tukazisugua chemba zenyewe kwa brashi na sabuni mpaka zikanukia, tukaipaka rangi. Au sasa maua nayo ni kosa?"

"Hapana mama. Ni mazuri."

Kamanda alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akaufuta kwa kanga, akatoa wa pili. Alikuwa mkaidi lakini hakuwa mjinga, na maswali yale alikuwa ameanza kuyaunganisha.

"Ufunguo huu hautembei bila shingo yangu," alisema. "Nipe fimbo."

Habari za Kamanda kupanda gari la idara zilifika ufukweni kabla ya gari lenyewe. Walipowasili, akina mama wa kikundi walikuwa wamekwisha kukusanyika, na meneja wa nyumba ya wageni alikuwa ameshuka na kiti chake. Mtu aliyesingiziwa kwa miezi hangekosa siku kama hii.

Bi Chupa alimimina unga chooni. Alipoinua mkono kuvuta maji, fimbo ilimzuia.

"Nitavuta mwenyewe," Kamanda alisema.

Akavuta. Akavuta tena. Kisha akatoka, akasimama na wenzake mbele ya mdomo wa mfereji, kidevu juu, akitazama.

Hawakungoja sana. Kwanza ulitoka mchirizi wa maji ya kawaida, na mama mmoja akasema "Mnaona?" Kisha mchirizi ukabadilika. Kijani kilitoka, kikali, kinawaka juani, kikashuka juu ya utando, kikapita mchangani kati ya miguu ya akina mama waliokuwa wakirudi nyuma wakikusanya nguo zao, kikaingia baharini palepale walipozoea kuogelea.

Meneja alikuwa amefungua mdomo, akamwona Kamanda usoni, akaufunga.

Fundi bomba aliletwa na Kasuku, na alipoiona rangi ile alielewa kila kitu bila kuambiwa. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mikono mikubwa na aibu nyingi.

"Bomba la choo umeliingiza kwenye chemba ya mvua," Bi Chupa alimwambia. "Kwa nini?"

"Nilifungua zote mbili, mama. Nilitaka nione ipi ina uchafu. Zote zilikuwa kavu, zimesuguliwa, zinanukia sabuni. Laini ile ya choo inaishia hapa, hakuna aliyekuwa anaitumia. Na mifuniko ina samaki. Nikashindwa kujua."

"Ukafanyaje?"

"Nikauliza."

"Ukamuuliza nani?"

Fundi alitazama miguu yake. Akaitazama fimbo ya Kamanda, akarudi kwenye miguu yake. "Nilielekezwa tu," alisema.

"Na nani?"

"Mama, yamepita hayo. Nitarekebisha bure."

"Fundi, nimekuuliza na nani."

Bi Chupa alilijua jibu tangu sebuleni. Alijua pia kwamba mkurugenzi angelitaka, na kwamba kila aliyesimama pale angelikumbuka, na alitamani mtu mwingine yeyote awe ndiye mkaguzi siku ile.

"Na mimi," Kamanda alisema.

Alisogea mbele, fimbo ikizama mchangani.

"Alikuja akaniuliza, Kamanda, ipi ya choo? Wote mlikuwa mmesimama pale, mnanitazama. Sikujua. Nilinyoosha fimbo hii nikasema ile. Nilikuwa sijui." Aliwageukia wenzake. "Na wenzangu wameharisha, na watoto wa watu wameumwa, na nilimnyima mkwe wangu chai kwa kosa langu mwenyewe. Hayo ndiyo. Andika."

Bi Chupa hakuandika kitu. Alimpelekea mama mkwe wake kile kiti cha meneja, akamketisha, akapiga simu.

"Mkuu, chanzo ninacho. Choo kimeunganishwa kwenye mfereji wa mvua. Fundi yuko hapa, anaanza kukata sasa hivi."

"Nani alifanya upuuzi huo?"

Alimtazama mama mkwe. Kamanda aliitikia kwa kichwa: sema.

"Kamati ya banda ilikosea chemba. Mwenyekiti wao amekiri mwenyewe, hadharani, kabla sijamtaja. Ni mama mkwe wangu."

Mkurugenzi akakohoa. "Basi huyo mama ana ujasiri kuliko kamati yangu yote. Bango lisubiri. Lakini sifungui mpaka nipate chupa safi, Jumatatu mbili mfululizo, choo kikiwa kinatumika. Usiniletee usafi wa choo kilichofungwa."

"Sawa mkuu. Na kuna kitu naomba."

"Nini tena?"

"Ule mfuko wa saruji."

Kwa hiyo saruji iliyonunuliwa kuwazuia watu ndiyo iliyoziba tundu. Fundi alikata bomba, akaligeuza, akaliingiza kwenye ile chemba kavu, ya choo, na tundu la zamani akalifunga kwa saruji ya mkurugenzi. Bi Chupa alimimina rangi tena, nyekundu safari hii isije ikachanganywa na ya kwanza, na wote wakakodolea macho mdomo wa mfereji. Nyekundu haikutoka. Walipofunua chemba ya choo, waliikuta inapita humo, inaelekea inakotakiwa. Meneja wa nyumba ya wageni alipiga makofi peke yake mpaka akaona haya.

Mifuniko, Kamanda aliipaka mwenyewe upya, akiwa ameketi kwenye kigoda: bluu na nyekundu. Aliacha samaki mmoja mmoja katikati, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Likabaki suala la Jumatatu mbili. Hapo Kamanda alirudi kuwa Kamanda. Kikundi kizima kiliamriwa kufika alfajiri kama kawaida, ila bila kugusa bahari. Waje, wapange foleni, watumie choo, waende nyumbani.

"Kila mtu na anywe maji ya kutosha usiku," aliagiza. "Sitaki mtu wa kuniambia hajisikii."

Basi wakawa wanafika gizagiza, wazee wa watu, na taulo mabegani kwa mazoea, wanasimama foleni wakitaniana, huku Bi Chupa akisubiri na chupa yake. Wa mwisho akitoka, yeye anaingia majini mpaka kiunoni, anaizamisha chupa, anaigeuza kulielekea wimbi. Kasuku aliendesha gari kwenda maabara bila kusema neno njia nzima, na hilo ndilo lililowaogopesha watu wa maabara kuliko yote.

Jumatatu ya kwanza, madoa machache ya kuhesabika kwa vidole. Ya pili, machache zaidi.

Bendera ya kijani ilipandishwa na Kamanda. Kasuku alimshikia fimbo, na alipotaka kumrudishia, akaambiwa akae nayo. Mama yule akashuka mchangani akimshikilia mkwe wake mkono, hatua kwa hatua, akiguna. Maji yakamfika kwenye vifundo, kwenye magoti, kwenye mapaja. Mahali fulani hapo katikati mkono ule mzito ukawa mwepesi, kisha ukaachia. Kamanda alikuwa anatembea. Aligeuka kuwatazama wenzake, akarusha maji juu kwa viganja vyote viwili, akapiga kigelegele mpaka wageni wakatoka kwenye roshani za nyumba ya wageni. Bi Chupa alilia palepale, kwenye maji ya kiunoni, na hakujisumbua kujificha.

"Wewe," Kamanda alimwita kutoka mbele. "Mbona umesimama?"

"Mwisho wangu ni hapa, mama."

"Kila siku unaturuhusu sisi tuingie, na mwenyewe unaogopa? Maji si umeyapima?"

"Nimeyapima."

"Ni safi?"

"Ni safi."

"Njoo."

Akaenda. Maji yakampanda tumboni, kifuani, na jina la baba yake likaanza kumtoka kichwani. Viganja viwili vikubwa vilimpokea mgongoni.

"Jilaze. Legeza shingo. Tazama juu."

"Mama, una hakika nitaelea?"

Kamanda alifikiri. Wenzake wote walikuwa wanasikiliza, kwa maana swali kama hilo zamani lingejibiwa kabla halijaisha kuulizwa.

"Sijui," alisema, na uso wake wote ukacheka. "Jilaze tuone."

Bi Chupa akafumba macho, akainua miguu.